Dirisha Jekundu la Mama Shija

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa darasani hapa Geita, nikiwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili jinsi ya kufunga kamera nyuma ya darubini, na simu ikatetemeka juu ya meza mpaka mmoja wao akaniletea. "Baba ametutoka," alisema. Kisha akaniomba niandike maneno machache yasomwe kanisani huko kwao Bukoba, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya kazi na marehemu kwa karibu kuliko mtu yeyote katika mambo yake ya nyota. Nikampa pole, nikakubali, maana mtu aliyefiwa hakataliwi. Jioni nikakaa mezani. Niliandika kwamba Injinia Mutalemwa alikuwa hodari wa kazi na mwenye subira kubwa na mashine, nikaishia hapo. Subira yake yote aliimalizia kwenye mashine, kwa watu haikubaki hata chembe. Nikamtumia binti sentensi hiyo moja, na yeye akanishukuru bila kuuliza kwa nini ni moja. Yanayofuata hayasomeki kanisani, kwa hiyo nayaandika hapa.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza stashahada ya kompyuta Shinyanga mjini na kazi sikuwa nayo. Yeye alikuwa mpimaji wa migodi aliyestaafu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na kiinua mgongo chake alikuwa amekigeuza darubini moja, kamera ya kufunga kwenye darubini, na kompyuta yenye nguvu kuliko zote za chuoni kwetu. Alikuwa ameikimbia Kahama. Alisema kule hakuna usiku tena, taa za mgodi wa Buzwagi zimeufuta. Akaniajiri nimsaidie kazi ya kompyuta, akapanga vyumba viwili kwa mjane mmoja, katika kijiji kilicho kati ya Tinde na Didia ambacho sitakitaja jina, kwa sababu wengi wa watu wake wangali hai na watoto wao hawakufanya kosa. Mjane huyo tulimwita Mama Shija. Mimi nikapewa kitanda chumbani kwake, Injinia akachukua vyumba vya mbele, na uani akajenga nguzo ya saruji ya kusimamisha darubini, katikati kabisa ya mahali ambapo Mama Shija alikuwa akianika mtama wake. Hakumwomba ruhusa. Mama Shija aliizunguka ile nguzo asubuhi iliyofuata, akaigonga kwa kidole, akasema kwa Kisukuma kwamba mgeni huyu amekuja na kaburi lake mwenyewe. Injinia akaniuliza amesemaje. Nikamwambia anakukaribisha.

Nyumba ile naikumbuka kwa harufu kuliko kwa sura. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo upande wa pili wa ua. Kuni hakuna, miti ilikwisha zamani, kwa hiyo Mama Shija alipikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake ulikuwa mzito, wa njano, unaotambaa chini badala ya kupanda. Miaka ya moshi huo ilikuwa imeyafanya macho yake kuwa mekundu, yenye kutoa machozi muda wote, na alikuwa akiyafuta kwa ncha ya kanga bila kujua kwamba anayafuta. Mchana tulikula michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, vimechemshwa na karanga. Usiku ugali wa mtama na mlenda, au dagaa. Injinia alizaliwa na kukulia kwenye ndizi, na hakuna siku aliyokaa mbele ya chakula kile bila kutoa neno. "Hiki kwetu wanapewa kuku," alisema siku ya kwanza, akiokota mchembe kwa vidole viwili. Mama Shija Kiswahili alikielewa vizuri kuliko alivyopenda watu wajue. Akamjibu kwa Kisukuma, polepole, macho yakiwa kwenye chungu: ale tu, tumbo halina kabila. Nikacheka. Injinia akanikazia macho. Hivyo ndivyo tulivyokula mwaka mzima, mtu mmoja akitukana, mwingine akijibu, na mimi katikati nikitafsiri uongo.

Kazi yenyewe, lazima niseme, ilinikamata moyo. Kamera ile ilipiga picha fupifupi, moja baada ya nyingine, na programu ikazirundika papo hapo, moja juu ya nyingine, mpaka kitu ambacho jicho halikioni kikaanza kutokea kwenye kioo cha kompyuta, taratibu, kama maziwa yanavyoganda. Mara ya kwanza nilipoliona wingu la gesi la Orioni likijitengeneza mbele yangu, huku mbwa wa jirani wanabweka na Mama Shija anakohoa jikoni, nilisahau kwamba namchukia aliyekaa pembeni yangu. Alikuwa akiijua kazi yake. Alijua kwamba darubini lazima iachwe nje ipoe kabla ya kuanza, la sivyo picha inatetemeka kama maji yanayochemka. Alijua kuiziba kwa mfuniko wa ndoo nyeusi na kupiga picha za giza, ili programu ijifunze madoa ya kamera yenyewe na kuyaondoa. Alinifundisha nisiamini jicho langu katika kupima mwanga, niangalie mchoro wa vilima uliopo pembeni ya kioo, na kilima kisigonge ukuta wa kulia, maana hapo mwanga umezidi. Vidokezo hivyo vyote nawafundisha wanafunzi wangu mpaka leo. Jina lake huwa silitaji.

Alichokitaka yeye kilikuwa kingine. Mtu aliyeitengeneza programu ile aliishi nchi ya mbali, na alikuwa na jukwaa kwenye mtandao ambako watumiaji walipeana mbinu na kuomba nyongeza. Kila toleo jipya lilipotoka, mwenye programu alitaja kwa jina watu ambao mawazo yao ameyachukua. Injinia alitaka jina lake liwe pale. Sijui kwa nini ilimshika hivyo. Nadhani mgodini alikuwa amepima ardhi maisha yake yote kwa ajili ya ramani zilizosainiwa na wengine. Lakini hiyo ni huruma ya leo. Wakati ule niliona tu mzee anayepiga meza.

Mahitaji yetu yalikuwa ya kweli. Umeme ulikuwa unakatika bila taarifa, na ukikatika, mrundiko mzima wa picha ulipotea kwa kuwa betri ya kompyuta ilikuwa imekufa. Injinia akaomba programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi. Malori ya barabara kuu yakipita Tinde kwa msafara, ardhi ilitetemeka na nyota zikageuka vijiti. Akaomba programu izitambue picha zilizotikisika na kuzitupa kabla hazijaingia kwenye mrundiko. Mmoja wa watumiaji akamjibu kwamba mtu makini hununua betri ya akiba, na mtu makini hajengi kituo cha nyota kando ya barabara. Mwenye programu mwenyewe alijibu kwa upole kwamba hilo la pili tayari lipo, akaeleza menyu ya kufungua. Injinia hakuusoma upole. Alisoma jibu lile la kwanza tu. Alikaa akaandika jibu kwa Kiingereza cha migodini, kile cha kumfokea dereva wa katapila, akaniita nilisome kama kuna kosa la herufi.

"Herufi ziko sawa," nikamwambia. "Lakini usilitume, Injinia."

"Kwa nini?"

"Utafungiwa."

"Wamfungie nani? Mimi nimepima migodi wakati hawa wananyonya."

Akalituma. Kesho yake akaunti yake ilikuwa imefungwa. Akazunguka uani mchana kutwa akitukana watu ambao hawajawahi kumwona, kisha akaja akanisimamia mlangoni akanielekeza nifungue akaunti kwa jina langu, niwe naandika anachosema. Nikafungua. Ndivyo jina la Minza lilivyoingia kwenye jukwaa lile, na kwa muda mrefu liliandika maneno ya mtu mwingine, mimi nikiyapunguza makali kila nilipoweza.

Sasa nieleze ile rangi. Macho ya mtu yakikaa gizani yanazoea, na mwanga mweupe unayaharibu mara moja, lakini mwekundu hauyasumbui sana. Kwa hiyo programu ilikuwa na hali ya usiku: unabonyeza mahali pamoja na kioo chote kinakuwa chekundu, maandishi, vitufe, kila kitu. Injinia aliogopa mbu, kwa hiyo alikaa ndani na kuvuta waya mrefu kupitia dirishani hadi kwenye kamera uani. Kompyuta ilikaa juu ya meza iliyoegemea dirisha la mbele, lile linalotazama njia, na dirisha halikuwa na pazia kwa sababu alitaka hewa. Kuanzia jua linapozama, dirisha la nyumba ya Mama Shija lilikuwa linawaka jekundu, na lilionekana mpaka kisimani. Na yeye mwenyewe alipopita chumba kile kumpelekea Injinia chai, aliyekuwa njiani alimwona mwanamke mzee, mjane, mwekundu kuanzia utosini, na macho yale.

Neno lenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza mashineni, nikisubiri mtama wangu usagwe. Wanawake wawili walikuwa nyuma ya magunia na hawakuniona. Mmoja alisema kwa Kisukuma kwamba kwa Mama Shija panawaka. Mwenzake akauliza panawaka nini. "Panawaka kama macho yake," akajibiwa. Wakanyamaza mashine ilipozimwa, kisha yule wa kwanza akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wengine wa Luhende wamekufa, wanatoa povu na kuanguka, na mganga aliyekwenda kuulizwa kasema kuna mtu kijijini anayeona usiku kwa moto mwekundu. Luhende alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Nilibeba unga wangu nikarudi nyumbani moja kwa moja. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maneno yale yanaishia wapi. Katika vijiji vyetu wazee wa kike wameitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa samadi, na watoto wao wamezika bila kuuliza kitu.

Nilimkuta Injinia akisafisha kioo cha darubini kwa brashi ya manyoya. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akipuliza vumbi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuzime ile rangi. Tutumie kioo cha kawaida, tupunguze mwanga."

"Macho yangu yataharibika, nitapoteza nusu saa kila ninapotoka nje."

"Injinia, watamuua mama wa watu."

"Hao ni wajinga. Siwezi kupanga kazi yangu kwa kufuata ujinga." Akarudia kupiga brashi. "Na wewe umesoma. Unanishangaza."

Jioni hiyo nilitafuta kwenye jukwaa, katika vidokezo vya watu wengine, nikakuta mtu mmoja aliyekuwa akiiweka kompyuta yake ndani ya boksi la katoni lililolazwa ubavu na kufunikwa blanketi, ili mwanga usiwasumbue wenzake. Kesho yake nikaomba katoni ya televisheni dukani Tinde. Nikaikata, nikaipaka masizi ya chungu kwa ndani, nikaiweka mezani na kuifunika kanga yangu. Kutoka njiani dirisha lilikuwa jeusi. Mama Shija alitoka akasimama nami barabarani kulitazama, mikono kiunoni, akasema wabeja, asante, neno ambalo hakulitoa ovyo. Injinia alikaa mbele ya katoni kwa muda mfupi tu. Alisema joto linamuua, hawezi kufanya kazi kichwa kikiwa ndani ya mzinga wa nyuki. Akaivuta katoni, akaitupa uani, akaikanyaga ikalala bapa. Dirisha likawaka tena.

Usiku ule niliandika ombi langu mwenyewe, la kwanza lililotoka kichwani mwangu. Niliomba hali ya usiku iweze kubadilishwa rangi, na iweze kufifishwa kuliko ilivyo sasa. Mwenye programu akauliza sababu, kwa kuwa wanaotazama nyota duniani kote wamezoea nyekundu. Nikamwandikia sababu jinsi ilivyo. Kwamba nakaa katika nyumba ya mwanamke mzee, kwamba hapa kwetu mwanga mwekundu dirishani unaweza kumtoa mtu roho. Mtumiaji mmoja akaandika kwamba katika maombi yote aliyowahi kuyasoma hilo ndilo la ajabu kuliko yote, akaweka kikatuni kinachocheka. Wengine wakacheka naye. Mwenye programu hakucheka. Aliuliza tu kama rangi ya kahawia iliyofifia ingefaa. Nikajibu ingefaa sana. Baada ya hapo pakawa kimya.

Walikuja jua lilipokuwa linagusa mashamba. Sungusungu wa kwetu hawaji kwa kunyata. Tulisikia filimbi, kisha ua ukajaa wanaume wenye fimbo na pinde, na Luhende mbele yao, mtu mnene kiasi, aliyevaa koti zito kwenye joto. Mama Shija alikuwa jikoni anasonga ugali na hakuinuka. Injinia alitoka mlangoni na suruali ya kulalia. Luhende akamsalimia vizuri, akasema wameombwa na wanakijiji kujua mashine hii inaangalia nini. Mahali pale mtu mwenye akili angeweza kusema maneno mawili na kila kitu kikabadilika. Injinia akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Niwaeleze nini watu wasiojua kusoma? Waambie waondoke, wanatikisa nguzo." Akaingia ndani akafunga mlango.

Hapakuwa na mtu mwingine. Mwezi ulikuwa nusu, uko juu ya paa la jiko. Niliitoa kompyuta kupitia dirishani pamoja na waya wake wa umeme, nikaiweka juu ya kinu uani, nikazima ile rangi nyekundu mbele yao ili waone ni kitufe tu. Nikaelekeza darubini, nikafungua kamera, na mwezi ukajaa kwenye kioo, mkubwa, wa kijivu, unatetemeka kwa joto linalopanda kutoka ardhini. Wanaume wakasogea. Nikawaeleza kwa Kisukuma. Luhende aliinama akatazama kwa muda mrefu, akisogeza kichwa huku na huku kama anayechungulia kisima.

"Mashimo yale nani kachimba?" akauliza.

"Mawe yalianguka kutoka juu, zamani."

"Na dhahabu ipo?"

"Hakuna anayejua, bhabha."

Wawili watatu wakacheka, na fimbo zikashuka chini. Mmoja akaomba aone tena mahali fulani, nikamsogezea. Nilianza kupumua. Nilidhani nimeshinda, kwamba jambo lilikuwa ni kutokujua na sasa wamejua. Nimelitafakari sana kosa hilo la kufikiri, maana walimu wote tunalo. Luhende akanyooka, akakung'uta koti lake.

"Mashine nimeiona. Haina neno," alisema. "Lakini mganga hakutaja mashine. Ametaja macho." Kisha akageukia jikoni, bila ukali, kama mtu anayetangaza siku ya mnada, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, watu wamekaa, wameamua. Tumekupa mpaka kesho jua lizame uwe umehama. Hatutaki damu, ndiyo maana tumekuja na maneno."

Mama Shija aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, akautoa motoni, ndipo akajibu.

"Mtama wangu atauvuna nani?"

"Tutauvuna. Tutakutumia."

"Msinitumie kitu."

Wakaondoka kwa mstari mmoja kama walivyokuja. Injinia akafungua mlango, akatoka, akaizunguka darubini akiishika hapa na pale, akakagua waya na kamera. "Angalau hawakugusa vifaa," alisema. Mama Shija alikuwa amekaa na mwiko mkononi, umbali wa hatua chache tu kutoka kwake, na alimtazama mtu yule kwa namna ambayo sijaiona tena usoni mwa mtu. Alipakua ugali kwenye sahani mbili, yake na yangu. Siku ile Injinia hakula kwetu.

Asubuhi nilimfungia vitu vyake: ungo, chungu kimoja, kanga, jogoo miguu imefungwa. Nikamsindikiza hadi Katoro, huku Geita, kwa binti yake Shija, aliyekuwa ameolewa na mchimbaji na kuishi katika chumba kimoja nyuma ya mashine za kusagia mawe. Mashine hizo hazinyamazi. Kuta zilikuwa zinatetemeka, vikombe vilikuwa vinatembea wenyewe juu ya meza, na vumbi la mawe lilikuwa kwenye kila tonge. Nikamwacha amekaa juu ya kitanda cha mjukuu, ungo magotini. Nikarudi kijijini kwa sababu vitu vyangu vilikuwa kule na kazi nyingine sikuwa nayo. Nilimkuta Injinia ameenea. Alikuwa amehamishia masanduku yake chumbani kwa Mama Shija. Mwenye nyumba kafukuzwa kwa ajili ya mwanga wa mpangaji, na mpangaji hakuna aliyemwambia ahame. Kijiji kilipita njiani kikitazama dirisha lile lile likiwaka, na hakikusema lolote, kwa kuwa sasa liliwaka kwa mwanaume mwenye suruali iliyopigwa pasi.

Ng'ombe wakaendelea kufa. Walikufa wa Luhende, wakafa wa jirani yake, kisha wa kijiji cha pili ambako Mama Shija hajawahi kukanyaga. Bwana mifugo alikuja kutoka Shinyanga akawachoma sindano waliobaki, akasema ni ugonjwa, akaandika jina la ugonjwa huo ubaoni ofisini kwa mtendaji. Watu walilisoma. Mashineni, wanawake walikuwa sasa wanaongelea bei ya pamba.

Toleo jipya la programu lilitoka wakati wa mvua za masika. Injinia alilipakua mwenyewe, akiwa na furaha, kwa kuwa alitarajia lile ombi lake la kujihifadhi. Halikuwemo. Kilichokuwemo ni hali ya usiku yenye uchaguzi wa rangi na kitelezi cha kufifisha, na chini yake mwenye programu alikuwa ameandika shukrani kwa Minza wa Tanzania. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona mgongo wake ukikaza kabla hajageuka.

"Umetumia kompyuta yangu," alisema. "Umetumia kamera yangu, umeme wangu, dirisha langu. Umejipatia jina."

"Dirisha ni la Mama Shija."

"Utamwandikia sasa hivi abadilishe."

"Siandiki."

"Utaandika au utatoka."

Nikatoka. Aliurusha mkoba wangu uani kwenye matope, na kitabu changu cha fizikia, na kandambili moja. Nilipokuwa naokota, niliinua kichwa nikaona kwamba amekaa tayari mbele ya kioo, na mwanga uliompiga usoni ulikuwa wa kahawia, hafifu sana. Alikuwa akiijaribu rangi yangu. Hatukuwahi kuonana tena. Nilisikia alihamia Kahama kabla ya mavuno, baada ya panya kula waya zake, kisha akarudi kwao.

Nilikwenda Katoro, nikapata kazi ya kuchapa katika duka la vifaa vya ofisi, nikalala sakafuni kwa Shija. Mama Shija alikuwa amepungua. Hakuwa anaongea mchana, alisema mashine zinamnyang'anya maneno. Siku moja, mtama ulipokuwa umekomaa kule kwetu, aliweka tonge chini wakati wa chakula. "Nakwenda kuvuna," alisema. Shija akalia, akamwambia watamuua. "Basi wataniulia kwangu," akajibu, na akaendelea kula. Mkwewe, mtu wa maneno machache, akasema atampeleka yeye mwenyewe, akachukua ruhusa kwenye duara, shimo lake la kuchimba dhahabu.

Tulifika mchana kweupe, jua la saa saba, wakati ambao kila mtu yuko barazani. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetusemesha. Mama Shija alifungua mlango kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye ncha ya kanga, akafagia mavi ya panya, akachota maji. Kisha akaingia shambani na kisu, na mkwewe na mimi tukamfuata. Kwa siku kadhaa tulivuna, tukapura, tukaanika mtama kuizunguka ile nguzo ya saruji iliyobaki tupu, maana mwenyewe aliondoa darubini akatuachia jiwe. Watu walipita njiani wakitazama miguu yao.

Luhende alikuja jioni, peke yake, bila koti na bila filimbi. Mama Shija alikuwa uani anapepeta, mimi nazoa punje zilizoruka. Mtu yule alisimama langoni, akavua kofia.

"Shikamoo, mayu," alisema.

Kwetu neno hilo lina jibu lake, na jibu halina gharama. Mtoto anajibiwa, mlevi anajibiwa, hata adui aliyekuja kudai anajibiwa kwanza ndipo ugomvi uanze. Mama Shija alirusha mtama juu, makapi yakaenda na upepo, punje zikarudi kwenye ungo. Akarusha tena. Luhende akangoja. Nikaacha kuzoa. Sikuwahi kuona marahaba ikinyimwa mtu, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Shikamoo, mayu," akarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Ungo ukapanda, ukashuka. Akasimama pale mpaka kivuli chake kikafika ukutani, kisha akavaa kofia akaondoka. Alipofika njiani ndipo Mama Shija akauweka ungo chini, akafuta macho.

"Minza," aliniita. "Funga lango. Kuku wa watu wanaingia."

Aliishi katika nyumba ile miaka mingine mingi, na alikufa kitandani kwake.